Panya aliyeuma bila kupuliza

Tanga tumekua tukiambiwa kwamba panya akiuma hupuliza. Anatafuna, anapuliza, anatafuna tena, na ubaridi wa pumzi yake ndio unaomfanya mtu aendelee kulala. Kwa hiyo asubuhi ile mama mkubwa alipokuta shuka lina damu upande wa miguuni, hakuna aliyeshangaa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeliwa ubavuni, na cha jirani yake kina alama za meno. "Panya hawa wameshazoea," akasema, akajifuta kwa kanga kuukuu, akashuka kitandani kwenda kuwasha jiko. Akatembea sawasawa, wala hakuchechemea. Nasi tukamsifu kwa ushujaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2007. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapelekwa mtaa wa Ngamiani nikamsaidie kuuza vitumbua. Chumba chake ndicho kilikuwa stoo pia: magunia ya mchele uvunguni, ndoo ya sukari pembeni, nazi mlangoni. Mikono na miguu yake ilinukia mafuta na iliki hata akishaoga. Panya angeacha kuja kwa sababu gani?

Kwamba ana kisukari alijua miaka mingi. Vidonge alikuwa navyo, ila alivimeza siku aliyojisikia vibaya. Akijisikia vizuri alivifungia kwenye pindo la kanga, akidai mwili usizoeshwe dawa. Siku hizo za uzima alikunywa maji ya mwarobaini, kisha akaonja kitumbua kimoja kimoja kujua kama sukari imekolea. Kulikuwa na jambo jingine tulilolifanyia mzaha. Kandambili zilikuwa zinamvuka njiani bila yeye kujua. Anatoka dukani na ndala mbili, anafika nyumbani na moja, na mjukuu anakuja nyuma mbio: "Bibi, ndala yako hii!" Tulicheka sana. Naye alicheka.

Zahanati ya mtaani walimsafisha kwa spiriti, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa vidonge na bandeji. Hawakumpima sukari, wala hawakumuuliza kwa nini hakuamka. Baada ya siku chache kidonda kilianza kutoa harufu ambayo iliki haikuweza kuifunika. Mguu ulivimba hadi kifundoni, ukang'aa. Mjomba akasema huo si panya, huo ni mkono wa mtu, na ametajiwa mganga mzuri. Jirani akashauri majivu ya moto. Mama mkubwa mwenyewe alitutazama sote kwa kuudhika. "Haniumi mguu huu. Mnanihangaishia nini na wateja wananisubiri?"

Aliyetupeleka kliniki ya kisukari ni binti yake wa mwisho, ambaye hakumwomba mtu ruhusa. Aliita teksi, akamwambia mama yake wanakwenda kumjulia hali mgonjwa. Mimi nilipanda nyuma, nimeshika kikapu.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Alimpa shikamoo, akavuta kigoda, akauweka ule mguu mapajani mwake bila kukunja uso. Alimtoboa kidole cha mkono; kipimo cha sukari kikasoma 22, juu mno. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni nchani, kama kipande cha mshipi wa kuvulia. Akamgusa nao mkononi kwanza ili ajue unavyosikika. "Sasa bibi fumba macho. Kila nikikugusa unyayo, sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema mama mkubwa. Akanyamaza kidogo. "Ndiyo." Tena, "Ndiyo."

Mimi nilikuwa nimefumbua macho. Nesi alikuwa ameushika uzi hewani, mbali na mguu. Hakumgusa hata mara moja. Aliacha "ndiyo" zile ziendelee kidogo, halafu akamwambia afumbue aone. Mama mkubwa aliutazama uzi, akautazama mguu wake, akaona haya kama sijapata kumwona. Nesi akarudia, safari hii akigusa kwa kweli mpaka uzi unapinda: kidole gumba, chini ya vidole, kisigino. Kimya. Ndiyo ya kweli ya kwanza ilipatikana juu ya kifundo.

"Panya alipuliza," mama mkubwa akajitetea.

"Nyumbani mnalala wangapi chumba hicho?"

Akamjibu kwamba wajukuu hulala mkekani, kando ya kitanda chake. Nesi akauliza kama nao wamewahi kung'atwa. Binti yake akacheka bila kupenda: mwezi uliopita yule mdogo aliguswa tu sikio, akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka na mapanga.

"Basi kwa mtoto alisahau kupuliza?" Nesi akasema taratibu. "Bibi, panya hana dawa ya ganzi. Ganzi unayo wewe."

Nimesikia maelezo mengi ya ugonjwa huu tangu siku ile, lakini sijapata mengine yaliyoniingia kama hayo. Akaendelea kutufungulia. Sukari ikikaa juu miaka, huharibu neva pamoja na vimishipa vidogo vinavyozilisha, na neva ndefu kuliko zote ndizo hutangulia kuchakaa. Ndiyo maana huanzia vidoleni, kisha hupanda kama mtu anavaa soksi. Kuna neva zinazotoa jasho, nazo zikifa ngozi hukauka na visigino hupasuka. Ndala zinazovuka? Akatikisa kichwa. Wagonjwa wake wengi, alisema, walianza na ndala, na panya si mgeni kabisa katika kliniki ile. Akapapasa juu ya mguu, akatafuta mapigo ya damu, akayapata. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mguu ulikuwa wa moto na damu inafika, kwa hiyo kulikuwa na cha kuokoa.

Daktari aliingiza kijiti cha chuma ndani ya kidonda, taratibu, akasimama. Alikuwa amegusa mfupa. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa kidole kidogo umeshaanza kuoza. Kulazwa, dripu za dawa, na insulini, ambayo ndiyo iliyomliza. Mtaani kwetu iliaminika kwamba ukichomwa insulini safari imekaribia. Kidole kilipoamuliwa kukatwa hakulia. Alisikia watamchoma sindano ya ganzi mguuni, akasema, "Msipoteze dawa yenu, wanangu." Daktari alicheka, ila alimchoma hivyo hivyo.

Katika wiki hizo walimpima na vingine ambavyo hakuna aliyewahi kumpima. Matone machoni, mboni zikapanuka, akatoka akililaani jua la Tanga. Nyuma ya macho wakakuta vidoa vya damu. Mkojo ukakutwa na protini, dalili kwamba figo zimeanza kuchuja vibaya. Macho hayakuwa yakimuuma. Figo hazikuwa zikimuuma. Nilimwona akihesabu hayo kwa vidole, na nadhani siku hiyo ndipo alipoacha kusema "siumwi".

Nyumbani tulihamisha magunia, tukaziba matundu, tukaleta paka wa kijivu ambaye kwa kweli alikuwa mvivu. Chandarua kilifaa zaidi ya paka: kichomekwe chini ya godoro pande zote, hata mbu wasipokuwepo. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, kwanza na mtu mwingine. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kutembea peku hata sebuleni ilikuwa marufuku, na hili ndilo alilobishana nalo, kwa kuwa hakuona mtu atakavyoingia na viatu nyumbani kwake. Wakapatana kwenye makubadhi ya ndani yenye mkanda nyuma ya kisigino. Udhu haukumletea taabu. Nesi alimwambia akaushe vizuri katikati ya vidole kila akinawa, na aitazame miguu hapo hapo. Mara tano kwa siku, nani mwingine anakagua miguu yake hivyo? Alilipenda sana wazo hilo. Aliweka kioo kidogo karibu na birika ili aone nyayo.

Vitumbua aliendelea kupika, akiwa kwenye stuli, na kuonja ikawa kazi yangu. Nikarudi kwetu matokeo yalipotoka.

Mwaka uliofuata nilikwenda kusalimia, nikakuta kina mama wawili wamekaa barazani wamenyoosha miguu, na mama mkubwa mbele yao na kipande cha mshipi alichoomba kwa mvuvi, amekifunga kwenye njiti ya ufagio. Hakunijibu hata shikamoo.

"Fumba macho, shoga. Nikikugusa sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema shoga yake.

"Muongo wewe! Sijakugusa. Vaa baibui lako twende."