Usiku wa Suh
Kila Desemba ikifika namkumbuka Ndamukong Suh, mchezaji wa timu ya chuo chetu. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, futiboli ya Kimarekani siijui hata kidogo. Wenzangu wakanivuta sebuleni kutazama fainali ya Big 12 (ligi ya vyuo vikuu) dhidi ya Texas. Jamani, yule jamaa! Kazi yake ilikuwa kukaba mstari wa mbele, lakini alimwangusha kwotabeki wao (yule mwongozaji anayerusha mipira), Colt McCoy, mara nne na nusu (ndiyo, nusu ipo, wawili wakisaidiana kumwangusha wanagawana). Safari moja alimkamata akamrusha kando kama gunia tupu, bakuli letu la bisi likaishia kwenye zulia. Nilipoambiwa baba yake Mkameruni, nikapiga kelele kuliko wenyeji. Tulifungwa 13-12, kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho kabisa. Mimi mpaka leo nasema muda ulikuwa umeisha!