Boti iliyochorwa kwa majivu, Katuba

Baba alifariki Julai 2011, na kilio kilikaliwa nyumbani kwetu, Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Majira hayo usiku huku ni baridi kweli. Wanaume walilala nje wakiuzunguka moto wa magogo, akina mama wakajaa ndani kwenye mikeka. Siku ya pili, jua likiwa limepanda, waliingia wazee ambao ni mama peke yake aliyewajua. Walisimama mbele ya picha ya baba, wakakaza migongo, wakapiga saluti. Baada ya hapo ndipo walipokaa na kuomba maji ya kunywa.

Walikuwa wametumika na baba Kalemie, bandari ya ziwa Tanganyika, katika jeshi la maji, enzi nchi yetu ikiitwa Zaïre. Boti yao ya doria haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu ubavuni, lakini wenyewe waliiita Sangala. Baba alikuwa fundi wa mota. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye joto na harufu ya mazuti, yaani dizeli, na ziwa aliliona boti ikishafunga gati. Sisi watoto alituambia machache. Tulijua kwamba kiangazi, upepo wa kusini ukianza, Tanganyika huchafuka vibaya mno, kwa sababu upepo unalikimbilia ziwa kwa urefu wake wote, zaidi ya kilomita 600, na hakuna cha kuuzuia. Tulijua pia kwamba malipo yake ya uzeeni hayakufika mpaka anaingia kaburini. Mengine alikaa nayo.

Mjomba wangu ndiye aliyeuliza, kwa nia njema tu, boti ilikuwa na ukubwa gani. Mzee mmoja akajibu, mwingine akakataa, wa tatu akasema wote wawili wamesahau. Sauti zikapanda. Mzee aliyekuwa mshika usukani akanyanyuka, akachota majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa kopo, akaanza kuyamwaga chini huku akihesabu hatua kwa sauti. Alianzia ukutani kwa choo, akapita chini ya mwembe, akafika kwenye geti na boti bado haijaisha. Wakafungua geti. Ncha ya mbele ilichorwa barabarani, na jirani aliyekuwa ameegesha velo, baiskeli yake, pale akaisogeza bila kuuliza kitu.

Ua mzima ulinyamaza. Ndani ya mstari ule mweupe juu ya udongo mwekundu wakaanza kupanga vitu: hapa usukani, hapa redio, pale mbele bunduki kubwa, nyuma kamba za kufungia. Kiswahili kikawatoka, wakaingia Lingala ya kambini, ile ya amri fupifupi, na miili yao ikabadilika. Yule wa fimbo aliiacha kwenye kiti.

Mkubwa wao, aliyekuwa adjida, cheo cha jeshini, akaanza kuita majina. Aliye hai aliitika akaenda kusimama mahali pake. Jina la marehemu likiitwa, aliyekuwa akifanya kazi karibu naye ndiye aliyeitika, akasema alifia wapi: Uvira, Kalemie, Kinshasa, mwingine njiani wakati wa vita vya 1996. Halafu likaitwa jina la baba. Hakuna aliyeitika, maana chini kwenye mota alikuwa akishuka yeye na msaidizi wake, na msaidizi naye alishafariki.

Mzee akanigeukia. “Mwana wa fundi, shuka kwa mota.”

Nilivuka majivu. Nilipotaka kuendelea akanizuia: “Hapana, mama. Ngazi iko hapo ulipo. Geuza mgongo. Mtu hashuki akitazama mbele, atavunjika shingo.” Nikageuka, nikashuka kinyumenyume kwenye ardhi tambarare, nimejifunga kitenge cha msiba, mbele ya ukoo mzima. Wakaniambia niiname, dari ni fupi. Mota ya kulia haina maneno. Ya kushoto huchemka, usiipe kisogo.

Ndipo walipotusimulia usiku wa karibu na Moba, bomba la mazuti lilipopasuka katikati ya mawimbi. Baba alivua shati, akalilowesha, akalifunga pale palipopasuka na kulishika kwa mkono mpaka wakaingia bandarini. Kovu la kiganja chake cha kuume tulilijua tangu utoto. Tukimuuliza alijibu, “Ni kazi,” na habari ikaishia hapo. Mama, ambaye alikuwa hajalia tangu asubuhi, alilia wakati huo.

Jioni, bukari, yaani ugali, imeshaliwa, adjida alisimulia habari niliyokuwa nimeisikia kwa baba tu. Nilipokuwa mdogo baba alinipeleka gare, stesheni ya reli, kutazama treni, akaniambia meli za vita zilipita hapa juu ya mabehewa. Sikuamini, kwa sababu mji wetu hauna bandari. Baadaye nilisoma, nikakuta ni kweli tupu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta boti mbili zilizoitwa Mimi na Toutou, kwenda kupigana na Wajerumani ziwani, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Zilishushwa Cape Town, zikaja kwa reli mpaka Élisabethville, yaani hapa kwetu, kisha Fungurume, ambako reli ilikuwa inaishia. Kutoka pale zilivutwa kwa mashine za mvuke na ng’ombe kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikaingia mto Lualaba pale Bukama, na hatimaye reli ya Kabalo ikazifikisha ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata boti ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Jina la kamanda wao, Spicer-Simson, halikupotea. Lakini njia ile ya milimani ilikatwa na watu wa huku, madaraja zaidi ya mia wakayajenga wao, na mashine zilipokosa maji ya kuchemsha, walikuwa wanawake wa vijijini walioyabeba kichwani. Hakuna jina hata moja la wanawake hao nililolikuta popote. Jambo hili linanichoma, na tangu siku ya kilio linanichoma zaidi, kwa sababu niliona kwa macho yangu kwamba wazee wanaweza kuijenga boti nzima, na mabati yake yamekwisha kukatwa na kuuzwa, ilimradi wanajua nani alisimama wapi.

Kabla hawajaondoka niliomba daftari la mdogo wangu wa shule. Adjida alitaja upya majina yote, polepole, na mahali pa kila mmoja, nami nikaandika. Walirudi mwaka uliofuata, tukachora tena, na mshika usukani akanisahihisha upana wa nyuma. Leo wamebaki wachache na daftari liko kwangu. Wapishi wawili wa mwisho bado tunawajua kwa majina ya utani tu, Kapiteni wa Sufuria na Mobali ya Pondu. Kama baba yako au babu yako alipika kwenye boti za doria Kalemie miaka ya themanini, tafadhali muulize alikuwa akiitwa nani na wenzake, uniandikie jina lake kamili.