Kirikuu ilipokwenda mara tatu

Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo, aliingia sebuleni, akachungulia vyumba vyote, akarudi mlangoni na kushika kiuno. "Mama, tulikubaliana trip moja. Hapa ni tatu, na hilo kabati sijalihesabu."

Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari 2022. Tulikuwa tunahama kutoka nyumba ya vyumba vitatu Pasua kwenda vyumba viwili Njoro. Majirani niliwaambia tunasogea karibu na shule ya watoto. Ukweli ni kwamba kodi ya 180,000 ilikuwa imetushinda, na kodi ilitushinda kwa sababu ya sofa.

Anayeishi Moshi anaijua Desemba. Wachagga wanarudi kwao kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama watani wanavyosema, mji unajaa magari ya kutoka Dar, na nauli za mabasi hazishikiki. Watu hudhani presha hiyo ni ya wanaosafiri tu, wale wanaokodi gari ili wasionekane wamefika nyumbani kwa miguu. Kumbe sisi tunaobaki hapa mjini tunapata yetu. Shemeji yangu na familia yake hufikia kwetu kabla ya kupanda Uru kijijini, na tangu treni ya Dar iliporudi Desemba 2019 anakuja bila kukosa. Sebule yangu ndiyo stendi ya ukoo.

Basi mwaka 2021, mwezi wa kumi na moja, niliingia kwenye mikopo ile tunayoiita kausha damu. Tulikuwa wanawake watano tunadhaminiana. Nilichukua 1,800,000: sofa 950,000, TV 700,000, zulia 150,000. Marejesho 90,000 kila Jumanne kwa wiki 26. Piga hesabu mwenyewe, ni 2,340,000. Mimi nilikuwa karani wa shule ya binafsi kwa mshahara wa 420,000, na baba watoto anaendesha Noah ya abiria ya mtu mwingine. Hesabu hiyo sikuipiga. Niliiona sofa kwanza.

Desemba wageni walikaa siku mbili. Na muda wenyewe walikaa nje, chini ya mparachichi, kwenye viti vya plastiki, maana joto la Moshi mwezi huo halikubali mtu akae ndani kwenye sofa la manyoya. Wifi aliligusa mara moja akasema, "Zuri." Basi. Aliyelikalia sana ni afisa mikopo. Kuna Jumanne ya Januari nilipungukiwa 40,000, akaja, akakaa pale pale katikati, akajinyoosha, na wenzangu wanne wakabaki wamesimama ukutani wakinitazama. Hakuna aliyesema neno. Nadhani wangenitukana ningeumia kidogo tu.

Siku ya kuhama ndipo nilipoona vitu vyangu juani. Ndani ya nyumba huvioni, umeshavizoea. Vikitolewa barazani vinakusuta: salfeti nne za nguo, blenda mbili, moja mbovu, mazulia matatu, mapazia ya nyumba tuliyoihama 2018, hotipoti saba. Hotipoti saba, na sisi ni watu watano! Nyingi zilikuwa zawadi za sendofu, na zawadi haitupwi, inahamishwa tu.

Nguo ndizo zilizonishangaza, kwa sababu sikuwahi kujiona mnunuaji. Nilikuwa napita soko la Memorial nikitoka kazini, belo la mitumba limefunguliwa, blauzi 1,000, sketi 2,000. Bei hiyo haijawahi kumfilisi mtu siku hiyo. Inakufilisi taratibu, kwa sababu mfukoni inatoka ile hela ya nyanya na nauli, hela ambayo huwa huiandiki popote. Nikaanza kuiandika. Daftari la shule, kurasa za nyuma: nikitamani kitu naandika jina lake na tarehe, na sikinunui mpaka mishahara miwili ipite. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vitu 19. Ilipofika Juni nilikuwa nimenunua vitatu, na kimoja, sandozi za mtoto, ningepaswa kukinunua siku ile ile. Mtoto alitembea na kandambili zilizofungwa waya kwa sababu mama yake ana kanuni. Kwa hiyo vya watoto nikaviondoa kwenye daftari.

Sofa dalali alilichukua kwa 350,000, miezi mitatu baada ya kununuliwa. Nililia. Lakini ile 350,000 ilifunga karibu wiki nne za marejesho, na kwenye nyumba mpya kodi ni 110,000. TV ilibaki. Baba watoto alisema ikiondoka TV na yeye apakiwe kwenye kirikuu, na kwa kweli mpira anaouangalia nyumbani ni mpira asioufuata baa.

Niseme jambo hapa, maana nimesoma mengi mtandaoni kuhusu kuishi na vitu vichache, na mara nyingi anayeandika ni mtu ambaye akikosa kitu anakwenda kununua kingine. Sisi hatuishi hivyo. Nina gesi, lakini jiko la mkaa silitoi, kwa sababu mtungi huisha tarehe 20 na mshahara hauji tarehe 20. Ndoo zangu tano zipo. Taa ya kuchaji ipo. Nilichotoa ni vile vilivyokuwa vinamsubiri mgeni.

Masufuria makubwa, kwa mfano. Nilikuwa nayo mawili ya kupikia pilau ya watu 60, na nimeyatumia mara moja, kwenye kipaimara cha mwanangu mkubwa. Nikayapeleka kwenye kikundi cha akina mama wa mtaa, ambacho tayari kina turubai, viti na sahani. Sasa yanazunguka, msiba huu, ubarikio ule, na nikiyahitaji naandika jina langu kama wengine. Wiki ya pili tu mmoja aliyarudisha yameungua chini. Iliniuma, siwezi kusema uongo.

Michango ndiyo bado inanishinda. Kadi zinakuja kwenye simu, kila jioni unaingizwa kundi jipya: harusi, sendofu, kitenge cha sare. Nimeweka kiwango, 20,000 kwa ndugu wa karibu na 10,000 kwa wengine, na sare sishoni. Kwenye harusi ya binamu yangu nilikaa peke yangu na gauni la kijani kati ya meza ya vitenge vya njano. Shangazi akaja kunong'ona, "Mwanangu, mna shida gani? Si ungesema." Nilimjibu hatuna shida, shangazi. Hakuniamini, na pilau yangu aliiongeza nyama.

Deni liliisha Mei. Desemba 2022 shemeji alikuja, akakaa chini ya mparachichi wa majirani kwenye viti vile vile vya plastiki, na sikusikia lolote kuhusu sofa mpaka leo.

Aliyesema ni mama yangu. Mama aliolewa 1982, nchi imetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni hakuna, sukari na sabuni ni vya foleni. Ukipata mche wa sabuni unaukata vipande na kuvificha. Ndiye aliyeninunulia seti ya vikombe 12 vya udongo nilipoolewa, vyenye maua ya bluu na ukingo wa dhahabu, na kwa miaka minane vilikaa kabatini vikiwa na vibandiko vya bei. Kabati nililiuza pamoja na sofa. Vikombe tunanywea chai kila asubuhi. Vimebaki tisa.

Alipokuja nikamtilia chai kwenye kimoja. Akakigeuza geuza. "Leo tuna mgeni gani?"

"Hakuna mgeni, mama. Ni wewe."

Alikunywa, hakujibu. Alipomaliza alikwenda nacho mwenyewe kwenye beseni, akakiosha taratibu, akakifuta kwa ncha ya khanga yake, kisha akasimama nacho katikati ya sebule, anageuka huku na huku, anatafuta kabati.