Usiandamane na Mkutano

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii Kutoka 23:2 imenikaba: "Usiandamane na mkutano kutenda uovu." Mvua zimeangukia kwenye giza la mwezi, wakati ambao taa zinavuta dagaa vizuri. Mialo, yaani fukwe za kupokelea samaki, imejaa, jua halionekani, na kauli ni ileile huku Ziwa Victoria, Igombe mpaka Kome: "Mbona kila mtu anafanya?"

Anafanya nini? Anafunga magunia dagaa hawajakauka. Tuliseme waziwazi, maana wengi wetu tunakula kwa biashara hii. Dagaa wabichi kilo 3 hadi 4 hutoa kilo 1 tu ya wakavu, kwa hiyo maji yakibaki ndani yanageuka pesa. Gunia la kilo 50 likiwa na moja ya tano ya maji yasiyostahili kuwemo, umemuuzia mwenzako kilo 10 za maji kwa bei ya dagaa. Pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, hatagundua. Atagundua mzigo ukiwa njiani kwenda Kongo au Burundi: gunia linapata joto katikati, ukungu unaingia, mafuta ya dagaa yanachacha, na mama aliyekopa mtaji anabaki na deni. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Na mizani hudanganya hata ikiwa haijachezewa, kilichowekwa juu yake kikiwa cha uongo.

Kukataa mkumbo kunataka kazi ya mikono, ndugu zangu. Anika juu ya chanja, siyo mchangani, kwa sababu mchanga nao unaongeza uzito na unaishia mezani kwa watu. Tandaza tabaka moja, wasilaliane. Geuza mara kwa mara. Jioni wakusanye kabla umande haujashuka. Kabla ya kufunga, chukua dagaa kutoka katikati ya chanja, siyo pembeni, umkunje. Akivunjika, amekauka. Akipinda, mrudishe juani, hata kama gari la mnunuzi linapiga honi. Turubai liwe karibu tangu asubuhi, lisitafutwe wingu likishafika. Walioharibika watenge, uwauze kwa wafugaji wa kuku, na useme kwamba ni wa kuku.

Danieli "aliazimu moyoni mwake" kabla ya chakula cha mfalme kumfikia. Anayesubiri kuamua akiwa tayari amezungukwa na wanunuzi na madeni ya kikoba, huwa ameshashindwa. Tena Danieli hakuwa peke yake, alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Tafuta hata mmoja wa kuanika naye. (Wenye timba, zile nyavu haramu za uzi wa plastiki, na wanaoleta sangara wasiofika sentimita 50, neno hili ni lenu pia.)

Sasa nawageukia wazee wa kanisa. Tunapokea fungu la kumi bila kuuliza mzigo ulifungwaje, halafu tunamshangaa dada anayerudi na pesa kidogo kuliko wenzake. Tunamwekea ahadi ya ujenzi, mchango wa harusi na sare ya kwaya, kisha tunamwambia awe mwaminifu. Shinikizo jingine tunalitengeneza sisi wenyewe. Jumapili hii, kabla ya kusoma orodha ya wasiomaliza ahadi, mwulizeni dada huyo kama ana turubai. Kama hana, mnunulieni.