Laki moja ya kukereza shafti

"Kichuma tu hiki, fundi, laki moja ya nini? Ninyi Wakenya bei zenu kali." Mkereza vyuma wa Kisumu anayefanya kazi Nyakato, Mwanza, huambiwa hivyo na wateja mara nyingi. Leo nimechoka kunyamaza.

Chuma kaleta mteja mwenyewe: stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya shafti ya boti ya mizigo, mita 1.2, inatakiwa imalizike 40 mm. Kaleta ya 40. Chuma cha dukani huwa pungufu kidogo, na bado hujakigusa. Ingenunuliwa ya 45.

Stenlesi haikimbizwi. Kwa kisu cha HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia, unene huo unataka mizunguko kama 110 kwa dakika. Chuma laini kingekubali karibu 200. Kisu kikisugua bila kula, uso unakuwa mgumu na ncha inaungua. Kwa hiyo usirambe 0.05 mm ukidhani ni uangalifu. Kula nusu milimita, maji ya sabuni yakimwagika muda wote.

Kabla ya hapo pima kichwa cha nyuma cha mashine, kile chenye senta, ncha inayoshikilia mwisho wa shafti. Kikihama 0.05 tu, ncha mbili za shafti zinatofautiana 0.10. Weka stedi, kishikizo cha kuzuia shafti isiyumbe, katikati. Halafu angalia joto, ndilo linalowashinda wengi: nyuzi 30 zaidi zinairefusha shafti hii zaidi ya nusu milimita. Usipolegeza senta ya nyuma, inajipinda kama upinde huku unaikereza.

Pa kukaa beringi panatakiwa kati ya 40.002 na 40.018. Nyuzi zilezile 30 zinanenepesha chuma karibu 0.02, yaani zinameza nafasi yote. Ukipima ikiwa ya moto ukaridhika, ikipoa beringi inacheza, inazunguka juu ya shafti na kuila. Lazima usubiri ipoe, na mteja anaona fundi amekaa tu. Laki moja iko hapo, kwenye kusubiri na kupima.

Kuna mafundi wanaojazia weldi shafti iliyolika kwa bei ya chini kisha wanakereza. Joto la upande mmoja hupinda shafti, na ufa huanzia pale weldi inapokutana na chuma chenyewe. Shafti ya namna hiyo haikatikii ufukweni Mwaloni. Inakatikia katikati ya ziwa, watu wakiwa ndani.

Hata hivyo, nisiwaonee watu wa Mwanza. Karakana ya jirani hapa inakuazima maikromita asubuhi bila dhamana, bora uamkie wakubwa "shikamoo" na useme "naomba", si "nipe". Kule kwetu Kibuye, Kisumu, chombo cha kupimia ungekiona kupitia dirisha tu.

Kwa vijana wa Kisumu na Migori mnaouliza: kuwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakukuondolei vibali. Unahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi daraja B, na mwajiri aanze kuvishughulikia kabla hujavuka mpaka wa Sirari. Beba maikromita yako ya 25 hadi 50, maana ya 0 hadi 25 haishiki shafti za boti, na dayo geji (saa ya kupimia kama shafti imenyooka) yenye kishikio cha sumaku. Mfereji wa kii ya mm 12 (kipande cha chuma kinachofunga shafti na kinachozungushwa nayo) uchongwe upana 12, kina 5 ndani ya shafti, na kona zake ziachwe na mviringo kidogo. Kona kali nayo huzaa ufa.