Rangi Ilinidanganya: Nilivyowapa Majina Vipepeo wa Droo Sita

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu kazi hii ulinipotezea wiki tatu. Nilikuwa nimejitolea kupanga droo sita za vipepeo wakavu katika chuo kimoja hapa Dodoma, vielelezo vilivyokusanywa tangu enzi za Tanganyika, na mzee mmoja niliyemheshimu akaniambia: "Mwanangu, tafuta kitabu chenye picha, linganisha rangi, kabla ya Ijumaa utakuwa umemaliza."

Nililinganisha. Droo ya kwanza ilikuwa na vipepeo 47 wa rangi ya chungwa, nami nikawaandika wote Danaus chrysippus, yule anayeelea polepole juu ya magugu kandokando ya barabara zetu. Hata wale wasio na ncha nyeusi kwenye bawa la mbele walikuwa na picha yao kitabuni, kwa kuwa spishi hiyo ina sura zaidi ya moja. Wino ulikuwa umeshakauka nilipomwinua mmoja kwa pini yake, nikamsogeza karibu na taa, nikaona ukingo wa bawa lake la nyuma una mawimbi, ilhali wa jirani yake ulikuwa laini. Nilichukua kioo cha kukuza, nilichokinunua kwa elfu ishirini na kitu, nikatazama tena. Jirani alikuwa na madoa matatu meusi katikati ya bawa la nyuma, na madume wa aina yake wana la nne, ambalo ni kifuko cha harufu. Huyu alikuwa na doa moja tu, karibu na ukingo wa juu.

Alikuwa jike la spishi nyingine, Hypolimnas misippus. Ndege wamejifunza kumwacha Danaus kwa ladha yake mbaya, naye jike huyu amejivika mavazi yaleyale. Hata Danaus asiye na ncha nyeusi ana mwigaji wake asiye na ncha nyeusi. Nilihesabu madoa upya, mmoja baada ya mwingine, na waigaji wakawa tisa. Madume wao nilikuwa nimeshawaweka droo ya nne kama spishi nyingine kabisa, kwani ni weusi wenye mabaka makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau.

Tangu siku hiyo niliacha kuanza na rangi, nikaanza na kibandiko kilichopo chini ya pini, chenye mahali na tarehe alipokamatwa kipepeo. Hapo ndipo ninapojivunia. Droo ya tatu ilikuwa na vipepeo wekundu-chungwa upande mmoja na wa buluu iliyokolea upande wa pili, kila kundi na jina lake. Vibandiko vya zamani huandika mwezi kwa namba za Kirumi, kwa hiyo "14.ii" ni Februari na "9.vii" ni Julai. Niliwapanga kwa miezi pasipo kutazama rangi, na walipotulia mezani, wekundu walikuwa wamejikusanya kati ya Desemba na Aprili, wa buluu kati ya Juni na Septemba. Ni masika na kiangazi chetu! Wote walikuwa Precis octavia, ambaye hutoka na rangi tofauti kulingana na msimu, na ubaridi anaokulia kiwavi una sehemu kubwa katika hilo. Wataalamu wa karne ya 19 nao waliwahi kuwapa majina tofauti.

Kwa sababu hiyo huniuma kuona kibandiko cha zamani kimetupwa ati jina lake limekosewa. Jina husahihishwa, lakini mahali na tarehe vikipotea, havirudi. Andika jina sahihi kwenye kibandiko kipya, kichome chini ya kile cha kwanza. Na shika pini, usishike bawa, kwani magamba yakibaki kidoleni hayarudishwi. Ukikuta unga wa kahawia chini ya kielelezo, mdudu yumo ndani anakula. Mtenge kipepeo huyo na wenzake siku hiyohiyo.

Droo ya sita ni ya Charaxes weusi, jenasi (kundi la spishi za karibu) yenye spishi zinazofanana sana. Baadhi yao hawatenganishiki kwa mabawa pekee: hukatwa ncha ya tumbo, ikalowekwa kwenye potasiamu haidroksidi hadi nyama iyeyuke, ndipo viungo vya uzazi vikatazamwa chini ya hadubini. Hadubini hiyo sina. Kumi na mmoja nimewaandikia "Charaxes", tarehe na jina langu, na nafasi ya spishi nimeiacha wazi.