Mistari mitatu, si mia nne

Kuna swali limenikaa kichwani wiki nzima: kwenye mradi wa programu huria, ni kitu gani hasa kinachoadimika? Msimbo haujaadimika, upo tele. Kinachokosekana ni muda wa msimamizi kuketi, kusoma na kuelewa. Nikilitazama jambo hivyo, zana zetu karibu zote naziona kwa jicho jingine: kazi yake kubwa ni kumpunguzia mtu mwingine mzigo wa kusoma.

Ripoti ya hitilafu, kwa mfano, huanzia kwenye folda tupu. Weka maktaba unayoishuku (msimbo wa wengine ambao programu yako inautumia), toleo lile lile, na mistari inayoleta kosa. Futa mmoja, endesha. Kosa likibaki, mstari ule haukuhusika. Endelea mpaka ufike mahali ambapo ukigusa mstari wowote kosa linatoweka. Mara nyingi safari huishia hapo, kwa sababu kosa linaonekana kuwa la kwetu: ndani ya `node_modules`, folda ambamo npm, kisakinishi cha maktaba za JavaScript, huziweka, kuna matoleo mawili ya maktaba moja, yanagongana. Amri ya `npm ls` pamoja na jina la maktaba huyaanika yote mawili.

Kosa likiwa kweli la mradi, kuna zana ambayo naona inatumiwa kidogo kuliko inavyostahili: `git bisect`, sehemu ya git, programu inayotunza historia ya msimbo. Unaiambia toleo lipi lilikuwa zima na lipi limeharibika, nayo inagawa historia katikati, tena na tena. Komiti 1,000 (yaani mabadiliko 1,000 yaliyohifadhiwa kwenye historia) humalizika kwa hatua kama 10. Raha yake ni `git bisect run`, ambayo huendesha yenyewe hati yako, yaani faili la amri za kupima, kila hatua. Hati ikirudisha 0, komiti ni nzima. Ikirudisha 1, ni mbovu. Ikirudisha 125, komiti hiyo inarukwa kwa kuwa haiwezi kupimwa.

Hiyo 125 ndiyo wengi huisahau. Hati inapaswa kuanza na `npm ci || exit 125`, na kila neno hapo lina sababu. Bila `npm ci`, ambayo husakinisha maktaba kwa matoleo yaliyorekodiwa kwenye komiti husika, unapima msimbo wa mwaka jana kwa maktaba za leo, na jibu utakalopata ni la mchanganyiko ambao haukuwahi kuwepo. Bila `exit 125`, komiti iliyoshindwa tu kusakinisha inahesabiwa kuwa mbovu, na utafutaji unaingia njia isiyo yake. Jaribio linalofaulu leo na kufeli kesho lina hatari hiyo hiyo, kwa hiyo liendeshwe mara tano kila hatua kabla ya kuliamini. Ukimaliza, `git bisect reset`. Ripoti inayosema "tatizo limeanza kwenye komiti hii" ina thamani kubwa kuliko kurasa tatu za maelezo.

Sasa kiraka chenyewe, yaani badiliko la kurekebisha kosa. Anzisha tawi, njia ya pembeni ya kufanyia kazi, kutoka kwenye mradi asilia (hapa unaitwa `upstream`), si kutoka kwenye nakala yako iliyochakaa: `git fetch upstream`, kisha `git switch -c rekebisha-tarehe upstream/main`. Kabla ya kuhifadhi komiti, tazama `git diff --stat`. Ulibadilisha mistari mitatu, lakini namba inasema mia nne? Kihariri chako kimepanga faili upya ulipolihifadhi, au miisho ya mistari imegeuka kutoka mtindo wa Linux kwenda wa Windows. Linganisha na `git diff -w --stat`, ambayo haihesabu mabadiliko ya nafasi tupu, halafu chagua vipande vinavyohusika kwa `git add -p`. Chungulia pia `package-lock.json`, faili linalorekodi matoleo kamili ya maktaba. `npm install` inaweza kuibadilisha kimyakimya, wakati `npm ci` haiigusi. Ikiwa imebadilika bila sababu, `git restore --source=upstream/main package-lock.json` huirudisha.

Ujumbe wa komiti ueleze kwa nini. Nini kimebadilika, msimbo unajieleza.

Baada ya ukaguzi kuanza, napendelea kuongeza komiti mpya badala ya kuandika historia upya, kwa sababu mkaguzi hupoteza mahali alipoishia. Akiomba komiti zikusanywe ziwe moja, zipeleke kwa `git push --force-with-lease`. Tofauti na `--force`, inakataa ikiwa kuna kazi ya mtu mwingine kwenye tawi ambayo hujaivuta bado.

Suala hili la muda wa msimamizi nalifikiria kwa uzito tangu tukio la xz, programu huria ya kubana data, mwezi Machi 2024. Mlango wa siri uliingizwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na sehemu ya msimbo uliouwasha ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo tu, haikuwemo kwenye hazina ya git. Kabla yake, msimamizi aliyebeba kazi ile karibu peke yake alikuwa ameshinikizwa hadharani kwamba anachelewa na aongeze msaidizi. Mhandisi wa programu Andres Freund aligundua hila hiyo baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kumechelewa kwa nusu sekunde hivi. Inaniuma kwamba uchovu wa mtu ulikuwa sehemu ya njia ya shambulio.

Kwa hiyo mchango ninaouona mkubwa kuliko kiraka kipya ni kupima viraka vya wengine vinavyosubiri. Kwenye GitHub, `git fetch upstream pull/123/head:jaribio` hukuletea kiraka namba 123 kwenye tawi lako. Soma mabadiliko yake kwanza, hasa ya `package.json`, faili linaloorodhesha maktaba na amri za mradi, kisha sakinisha kwa `npm ci --ignore-scripts`, maana maktaba ina uwezo wa kuendesha amri zake wakati wa kusakinishwa. Andika toleo la Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari), kivinjari, ulichofanya na ulichokiona. "Nimepima, inafanya kazi kwenye Firefox, ila kwenye Safari tarehe inatoka tupu" ni sentensi moja tu, na msimamizi anaweza kuitumia leo hii.